Mistari Kumi ya Chaki

Jumatatu, 3 Machi

Amefaulu! Binti yangu amefaulu! Amepewa cheti chenye muhuri na sahihi mbili kwamba ni mkufunzi wa mbwa. Katika watu kumi na wanne waliofanya mtihani yeye ni wa pili, na huyo wa kwanza nasikia alikuwa anarudia.

Haya, sasa hujambo, daftari. Nisamehe kwa kukuvamia bila hodi, lakini habari kama hii haisubiri mtu avue viatu. Mimi niliishia darasa la saba, ila mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiuchukua kuwaonyesha wakubwa zangu, kwa hiyo usihofu, hutachafuka.

Kazi yako hasa si kusikiliza porojo zangu. Binti amekununua kwa ajili ya mbwa atakaowaleta hapa nyumbani. Kurasa za mbele amezichora safu tatu kwa rula: mbwa alifanya nini, kabla yake kulitokea nini, baada yake kulitokea nini. Asubuhi yeye yuko kliniki ya wanyama, kwa hiyo mwandishi ni mimi. Hizo kurasa atazisoma kila Jumapili. Huku nyuma nimekugeuza kichwa chini miguu juu, na ni kwangu peke yangu. Ameahidi hatafungua, na mtoto wangu akiahidi, ameahidi.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tunakaa naye ukuta kwa ukuta, alikiangalia cheti kisha akasema, "Kwa hiyo mbwa nao sasa wana mwalimu? Wataandika kwa mguu upi?" Nikamwambia, "Wakishajua kusoma, wifi, watakusomea zile barua unazoniletea mimi." Alinuna mpaka chai ilipoiva.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanafunzi wa kwanza amefika! Anaitwa Dakika. Rangi ya majivu, sikio moja limesimama, moja limelala kama kola isiyopigwa pasi. Mwenyewe ni mzee mmoja fundi saa, mgane, mpole, suruali yake ina mkunjo mmoja ulionyooka kabisa. Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni na nguo za watu, kwa hiyo mtu namjua kwa mkunjo wa suruali.

Mbwa alikuwa wa mkewe. Mke alipofariki, mbwa akaanza kulilinda bakuli lake. Mtu akikaribia tu, ananguruma. "Hajawahi kuniuma, mama," mzee alisema. "Ananiambia tu nisogee, na mimi nasogea. Lakini chumba changu ni kimoja. Nitasogea mpaka wapi?" Daktari wa wanyama, yule mama anayemfanyisha kazi binti yangu, ndiye aliyemwelekeza kwetu. Atakaa hapa mpaka mvua ziishe.

Mzee alipoondoka Dakika alilala mlangoni na pua yake kwenye ufa, akawa anavuta hewa ya nje.

Ijumaa, 7 Machi

Binti amechora mistari kumi ya chaki sakafuni, kutoka pale panapokaa bakuli, kona ya stoo, mpaka kwenye meza yangu ya pasi. Hatua moja moja. Leo tunaanzia mstari wa kumi. Mbwa anakula, binti anasimama mbali, anarusha kipande cha ini kinachoangukia kando ya bakuli, halafu anaondoka. Basi. Hamnyang'anyi chakula wala hamshiki. Kesho tena. Mbwa akiwa ametulia, unasogea mstari mmoja. Akikakamaa, akiacha kutafuna, akionyesha weupe wa jicho, unarudi nyuma.

"Na akinguruma?" niliuliza.

"Unamshukuru, Mama."

Nikacheka mpaka nikaweka pasi chini.

"Sikutanii," akasema. "Ngurumo ndiyo neno lake la 'tafadhali.' Mbwa anayenguruma bado anazungumza na wewe. Usimpige, usimkemee. Rudi nyuma, uandike ulikuwa mstari wa ngapi. Na nikiwa kazini usimfundishe chochote. Andika tu."

Mtoto niliyemfundisha mimi kushika kijiko leo ananipa masharti sakafuni kwangu! Nilimtazama anavyopangusa chaki mikononi, nikasema moyoni, huyu nimemzaa mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mstari wa tisa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki. Mstari wa tisa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nimefunga kamba tatu humu ndani, tunapita chini ya mashuka kama watu wanaotafutana. Tulifika wa nane, akanguruma, tumerudi wa tisa. Binti anasema si kurudi nyuma, ni kujua tulipo. Mimi mtu akirudi nyuma namwita aliyerudi nyuma.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimeaibika.

Wifi alikuja na wateja wangu wawili, mkunga na mke wa mwashi, kuchukua nguo. Kwa mvua hii nikawaambia waingie, wakae, wamwone mwanafunzi wa binti yangu. Binti alikuwa ametoka kidogo. Dakika alikuwa anakula. Mkunga akapita karibu na stoo, labda mstari wa tano, na Dakika akatoa ile sauti yake kutoka chini ya tumbo, kama kabati zito linaloburutwa.

Mkunga, mwanamke aliyeona damu za kila namna, alipanda juu ya benchi na viatu vyake. Mke wa mwashi alijifunika shuka langu safi.

"Wifi," wifi yangu akasema, amejishika mbavu, "huyu amefaulu kwa alama gani?"

Wote walicheka. Na mimi nilicheka nao. Siku kumi na tatu nimewasifia cheti, kumi na tatu! Mkunga aliposhuka akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "Labda huyu binti angetafuta kazi nyingine, mama. Watoto wa siku hizi wanajaribu jaribu."

Jumatatu, 17 Machi

Binti alipoondoka kwenda kliniki nilimwekea Dakika chakula. Nilipita na kikapu cha foronya, mstari wa sita, akanguruma. Nikavua kandambili.

Nilimpiga moja tu, begani. Alinyamaza hapo hapo. Akanitazama, akalamba midomo, akaendelea kula kwa haraka.

Kumbe ni rahisi hivyo! Samaki mkunje angali mbichi. Na huyo binti mwenye cheti, nani alimnyoosha? Kandambili hii hii, na kama si hii, basi mama yake au dada yake. Leo watu wanamwita mwalimu.

Kwenye safu za mbele nimeandika: hakunguruma. Si uongo. Baada ya kandambili hakunguruma.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kandambili mara mbili.

Jumatano, 19 Machi

Kandambili mara moja.

Ijumaa, 21 Machi

Sikupiga. Niliigonga tu sakafuni, pa, akanyamaza. Mstari wa nne.

Jumapili, 23 Machi

Binti amesoma kurasa zake. Akahesabu kwa kidole: hakunguruma, hakunguruma, hakunguruma. Akainua uso, macho yanang'aa kama siku alipojua kuendesha baiskeli. "Mama! Mistari mitano kwa wiki moja!"

"Mkono wako mzuri, mwanangu," nikamwambia.

Halafu akachuchumaa kumwangalia mbwa anavyokula. "Mbona anameza bila kutafuna? Na mgongo wake, ona, umekuwa ubao." Akanigeukia. "Mama, kuna kitu umefanya?"

"Mimi? Mimi naandika tu."

Uso wangu haukubadilika. Miaka ishirini ya kuwaambia wateja kwamba doa lilikuwepo tangu mwanzo imenifunza uso.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Kimya. Mstari wa pili.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee fundi saa alikuja kumsalimia mbwa wake. Binti alimpokea, "Shikamoo," akamletea kiti. Dakika alimwekea kichwa gotini, wakakaa hivyo, hata chai ikapoa.

"Nyumbani nina saa thelathini na moja," mzee aliniambia binti alipoingia ndani. "Zote zinasema, hakuna anayesikiliza. Akiwepo huyu angalau ninamwambia, tumechelewa, twende tukalale."

Nilimwambia mbwa wake amepona, bado kidogo tu. Tena nikamwambia, mzee, hutaamini.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya fahari yangu! Niliwaita wote: mkunga, mke wa mwashi, wifi, na mzee mwenyewe. Nilipiga pasi kitambaa cha meza mara mbili. Dakika akawekewa chakula. Nikajitwisha kikapu, nikapita mstari wa tano, wa tatu, wa kwanza, nikainama nikagusa bakuli kwa mkono wangu. Kimya! Hata pumzi hukuisikia. Wakapiga makofi, mkunga akasema, "Haya, nimefuta maneno yangu."

Wifi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anamwangalia mbwa. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, wifi," akasema. Nikamwambia wivu utamnyima usingizi.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akasema taratibu, "Mzee wangu, ningeomba wiki mbili tatu zaidi. Kuna jambo sijalielewa."

"Jambo gani?" nikadakia. "Mzee wa watu anakaa peke yake na saa! Mbwa amepona, kila mtu ameona. Mzee, njoo Jumatatu umchukue."

Binti alinitazama. Akafungua mdomo, akaufumba. Hakunibishia mbele za watu. Nimemlea vizuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Dakika ameenda kwao. Binti amempa mzee karatasi ya maelekezo, kurasa mbili, akamsisitizia asiguse bakuli, aendelee kurusha maini kwa mbali. Mzee akaikunja mara nne kwa vidole vyake vile, vyepesi, vya kushika vitu vidogo kama mbegu. Akasema, "Mama yako amegusa bakuli, mwanangu, nimeona kwa macho yangu."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Mwenye duka la vitabu ameuliza kama binti atamchukua mbwa wake anayetafuna viatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Wengine wawili wameulizia! Mmoja mbwa wake anarukia wageni, mwingine anabweka akiachwa peke yake. Nimewaambia wote: wiki tatu tu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Sina neno.

Jumamosi, 19 Aprili

Amemuuma.

Nitaandika kwa mpangilio ili mkono utulie. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mzee alimwekea Dakika chakula, akakaa kwenye meza yake ya saa. Akaona kipande cha mkate kimeanguka karibu na bakuli. Akainama kukiokota, mkono wa kulia. Basi. Hakuna aliyepiga kelele, si mbwa, si mzee. Jirani yake ndiye aliyeona damu imepita chini ya mlango ikichanganyika na maji ya mvua.

Tulikimbia hospitali, mimi na binti, mwavuli ukageuka, tukauacha njiani. Mzee alikuwa amelazwa, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari wa pale alisema mishipa miwili inayokunja kidole gumba na cha pili imekatika. Wameiunga. Vitakunja tena kidogo, si kama zamani. Mtu mwingine, alisema, angeweza kuishi navyo. Akatazama kazi ya mzee ilivyoandikwa kwenye faili, akalifunga.

Binti alipiga magoti pembeni ya kitanda. "Mzee wangu, nisamehe. Alinguruma kiasi gani kabla?"

Mzee alifikiri. Ni mtu wa kupima, hata maneno anayapima.

"Hakunguruma," akasema. "Nilikuwa namtazama. Zamani alikuwa ananiambia, mwanangu. Safari hii hakuniambia."

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Kandambili zangu zilikuwa zimelowa, zinatoa maji sakafuni, na mhudumu alikuja na tambara akaniomba nisogee. Nikasogea.

Jumapili, 20 Aprili

Binti amekaa kwenye mstari wa kwanza, miguu amekunja, kurasa zake mapajani. Anasoma na kurudia.

"Hakuna mbwa anayeacha hivi, Mama. Hushuka kidogo kidogo. Huyu kama aliyezimwa."

"Labda ni hii mvua," nikasema. "Mvua huwachanganya wanyama."

Ninaandika hapa kwa sababu hakuna pengine. Nimemwambia mtoto wangu ni mvua.

Jumatatu, 21 Aprili

Mwenye duka la vitabu amesema atasubiri kwanza. Wale wawili hawakusema kitu, wamebadilisha njia tu.

Dakika yuko kliniki. Lazima afungiwe siku kumi waangalie kama ana kichaa cha mbwa. Hana, kila mtu anajua. Baada ya hapo daktari wa wanyama ataamua. Na mtu wa chuo, aliyetia sahihi cheti, ataitwa, maana mbwa alitoka mikononi mwa mkufunzi wao.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Nilimpelekea binti chakula kliniki. Banda la Dakika liko mwisho wa ukumbi mrefu wa saruji. Binti alikuwa ameinama karibu naye, anamsemesha, na Dakika alikuwa anasikiliza, lile sikio moja limesimama.

Mimi nikaja, pa, pa, pa, pa. Kandambili kwenye saruji.

Dakika alijibana ukutani. Alijikojolea. Hakubweka, hakunguruma, hakulia. Alilamba midomo na kunionyesha weupe wa macho, kama mtu ambaye hata kuomba ameshaachishwa.

Nilisimama. Kandambili zikanyamaza. Binti hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu, muda mrefu sana, kisha akachukua tambara akafuta mkojo.

"Weka chakula hapo, Mama," akasema. "Urudi polepole. Au vua."

Nimerudi nyumbani pekupeku kwenye matope, watu wananishangaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Hajaniuliza. Anakula, anaosha sahani, ananisalimia asubuhi, anasema "asante, Mama." Ningependa anitukane.

Leo nimemsikia akiongea na daktari wake kwa simu uani, chini ya bati: "Ni mimi. Niliharakisha mistari. Hapana, mama yangu alikuwa anaandika tu."

Ananisitiri. Nimemlea vizuri. Kwa kunisitiri watamnyang'anya cheti, na mimi nitabaki kuwa mama mwema niliyekuwa naandika tu. Nilikaa na pasi mkononi mpaka ikaunguza foronya ya watu. Doa la umbo la pasi, kahawia. Hili halikuwepo tangu mwanzo.

Wifi aliingia akaliona, nikasubiri anidhihaki. Alichukua kikapu cha pili, akachomeka pasi yake mwenyewe, tukapiga pasi wote wawili mpaka jioni. Miaka yote nimemwita mwenye wivu. Kumbe alikuwa na macho tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeenda kwa mzee. Ameruhusiwa jana. Chumba chake nilikifikiria kina kelele, lakini saa nyingi zimesimama. Hawezi kuzitia ufunguo kwa mkono wa kushoto, zinamponyoka. Zilizobaki zinasema kwa zamu, moja huku, moja kule. Ukutani kuna mkanda wa shingoni wa mbwa, na chini yake lile bakuli, limeoshwa.

Nilimwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia kandambili ilikuwa mara ngapi, siku zipi, mahali gani mwilini. Nilimwambia na kugonga sakafu.

Akageuka kulitazama bakuli.

"Kwa hiyo hakunisaliti," akasema.

"Hakukusaliti, baba. Nilimnyang'anya sauti."

"Usiku nilikuwa nauliza nimemkosea nini." Akautazama mkono uliofungwa. "Mke wangu angefurahi kusikia. Alimlea tangu anaingia kwenye kofia yangu."

Nikamuuliza kama anaweza kunisamehe. Nilijua si swali la kuuliza mtu aliye na bandeji, lakini lilinitoka.

"Mama," akasema, bila ukali, "mimi nilikuwa nafungua saa ndogo ya mwanamke, ndani yake kuna springi kama unywele. Sasa siwezi kufunga kifungo cha shati. Sijui nikujibu nini. Kamwambie mwanao. Mimi nimeshasikia."

Nilimfunga kifungo. Aliniruhusu. Shati lake lilikuwa halijapigwa pasi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anakunja mashuka na mimi, yeye ncha ile, mimi ncha hii, tunasogeleana na kuachana.

"Najua, Mama," akasema. "Najua tangu kliniki."

"Mbona hukusema?"

Tulikutana katikati ya shuka, mikono yake ikagusa yangu. Akachukua ncha zangu.

"Hata mimi ulinifundisha hivyo hivyo. Siku ile ulipowaita watu, nilijua kuna kitu. Nilikuwa na neno hapa." Akagusa shingo. "Nikasikia kandambili zako sakafuni. Mtu mzima, nina cheti, na nikanyamaza. Kama ningesema, mzee angekuwa na mkono."

Nilitaka kumwambia nilimpiga kwa kumpenda, lakini hilo hata Dakika ningeweza kumwambia.

"Jumatano daktari na mtu wa chuo wakikutana, nitawaambia mimi," nikasema. "Daftari nitaliweka mezani, limefunguliwa huku nyuma."

"Utajiaibisha mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Haitamwokoa, Mama. Daktari ameshasema. Mbwa anayeng'ata bila kuonya hawezi kupewa mtu, na ngurumo hairudishwi kwa sindano wala kwa maini. Ningekuwa na mwaka mzima na banda langu, ningejaribu. Sina. Hata cheti sijui. Mimi ndiye niliyemwacha aondoke, kalamu yako haibadilishi hilo."

"Basi nikusaidie nini?"

Aliweka shuka juu ya rundo, akalinyoosha. "Siwezi kusema nimekusamehe. Na kukutukana siwezi. Nipishe, Mama, nataka kupiga deki."

Alideki chumba kizima. Mistari ya chaki aliizunguka. Iko vile vile, kumi.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua. La kwanza tangu mwezi uliopita. Mashuka yote yamekauka kabla ya saa sita, na sina pa kuipeleka furaha yake.

Jumanne, 29 Aprili

Daktari wa wanyama amepiga simu. Siku kumi zimeisha, kichaa hana. Sindano ya kumlaza asiamke itakuwa kesho. Mzee ameomba isiwe kule kwenye saruji, iwe hapa kwetu, ambapo alikaa vizuri mara ya mwisho. Alisema "vizuri." Sikumsahihisha, anajua.

Binti amepanga itakavyokuwa. Dakika atafungwa kamba ndefu kwenye nguzo ya stoo, awekewe chakula, maini matupu, bakuli lake mwenyewe, mzee atakuja nalo. Sisi wote tutakaa nyuma ya mstari wa kumi. Hakuna atakayeuvuka mpaka amalize kula na kulamba bakuli na kuinua kichwa mwenyewe. Mimi nitakuwa pekupeku. Kandambili nimezitupa, ingawa wifi ameniambia, bila kucheka, "Wifi, mguu ni wako bado."

Nimepanga viti. Nimepiga pasi kile kitambaa cha meza, mara moja tu, na daftari hili nitaliweka juu yake, upande huu, ukurasa wa tarehe kumi na saba Machi. Nilitamani maisha yangu yote chumba hiki kijae watu waje kumwona mwanangu anavyofanya kazi. Watamwona. Atarusha kipande cha ini kutoka mstari wa kumi, kitaangukia kando ya bakuli pale pale anapotaka, maana mkono wake kweli ni mzuri, hilo sikuwadanganya. Na mbwa akinguruma, hata mara moja, hata kidogo, binti amesema tutamshukuru. Nimesikiliza chumba kizima jioni hii nikijaribu kuikumbuka sauti yenyewe.

Atakuja daktari, atakuja mtu wa chuo, mzee na mkono wake, mkunga na mke wa mwashi niliowaita mwenyewe, wifi, na Dakika. Wote, Jumatano, saa nne asubuhi.